Uchambuzi wa Kisa: Mwandishi, Mwongozaji na Mwigizaji Mmoja wa Moshi, na Filamu Iliyokwama kwa Kukosa Mikataba

Lengo na mipaka

Uchambuzi huu unahusu miaka kadhaa ya kazi ya msanii wa Moshi anayeandika miswada ya filamu, anayeiongoza na kuigiza ndani yake bila kuajiriwa na kampuni yoyote. Umeandikwa kwa ajili ya wasanii wa Kilimanjaro na Arusha wanaofanya kazi kwa namna hiyohiyo, na kwa ajili ya wale wanaowasaidia: maofisa utamaduni, wahariri wa picha, wapiga picha wa harusi wanaokodishwa kurekodi filamu, na ndugu wanaochanga fedha. Mhusika ameridhia kisa chake kitumike kufundishia. Jina lake, majina ya filamu zake, kijiji zilikorekodiwa na majina ya wote waliohusika yameondolewa, na viwango vya fedha vimekadiriwa ili visimtambulishe mtu. Humu anaitwa Msanii, na wengine wanaitwa kwa kazi zao.

Nilikifahamu kisa hiki nilipoombwa kusoma makaratasi ya filamu yake ya pili, ambayo kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kimeonyesha nia ya kuinunua na kisha kikasita. Niliona kinafaa kuandikwa kwa sababu filamu yenyewe ni nzuri. Visa vya namna hii huelezwa mara nyingi kuhusu kazi mbovu, na msomaji hubaki akiamini kwamba kazi nzuri hujitafutia njia yenyewe. Hii ilikuwa nzuri, na bado ilikaa kabatini zaidi ya mwaka mzima.

Usuli

Msanii alilelewa katika moja ya kata za mlimani juu ya mji wa Moshi. Alianza kuigiza parokiani katika michezo ya Noeli na Pasaka, kisha akajiunga na kikundi cha maigizo cha mjini. Baadaye alipata nafasi ndogondogo katika filamu zilizorekodiwa Arusha na Dar es Salaam: muuguzi, mfanyakazi wa ndani, jirani anayeleta habari za msiba. Kila alipoitwa Dar es Salaam alijilipia nauli ya basi na kulala kwa ndugu, na malipo yake yalitegemea mtayarishaji atabakiwa na nini baada ya kuwalipa mastaa. Akafikia uamuzi ambao ndio msingi wa kisa chote: nafasi kubwa kwa mwanamke asiyekuwa staa, na asiyeishi Dar es Salaam, haitaletwa na simu, hivyo itabidi aiandike mwenyewe.

Filamu yake ya kwanza aliitengeneza wakati soko la filamu za Kibongo lilipokuwa likiendeshwa na DVD zilizosambazwa kutoka Kariakoo. Utaratibu ulikuwa unajulikana. Mtayarishaji mdogo alipeleka masta, yaani nakala mama ya filamu, kwa msambazaji, akalipwa fedha ya mkupuo, na msambazaji akabaki na kila kitu. Tangu mwaka 2013 DVD hizo zilitakiwa kubandikwa stempu za kodi za TRA, na stempu zilisaidia kutofautisha nakala halali na nakala za wizi, ila hazikuweza kuizuia filamu iliyohamishiwa kwenye flashi katika vibanda vya kuingizia nyimbo. Msambazaji alijua hivyo, na alipanga bei yake kwa kujua hivyo.

Msanii aliuza masta kwa kiasi cha shilingi milioni 4. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, na sentensi iliyobeba uzito wote ilisema kwamba anauza haki zote za filamu hiyo, kwa njia yoyote na kwa muda wote. Alitia saini siku ileile, kwa sababu waigizaji wenzake walikuwa wakisubiri malipo Moshi na basi la kurudi lilikuwa la asubuhi. Miaka michache baadaye, biashara ya DVD ilipokuwa imekwisha kufifia, filamu hiyo ilionekana katika chaneli moja ya YouTube na kutazamwa na watu wengi sana. Hakupata senti. Jambo lililomuumiza zaidi, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kwamba hata kipande cha dakika mbili alichotaka kukiambatanisha na maombi ya mafunzo ilibidi akiombee ruhusa.

Filamu ya pili: maamuzi kabla ya kurekodi

Muswada wa pili ulihusu kihamba, yaani shamba la ukoo linalorithiwa. Baba anafariki, na binti aliyebaki nyumbani kumuuguza kwa miaka mingi anaambiwa na baba mdogo kwamba shamba la migomba na kahawa lina mwenyewe, naye ni mdogo wa mwisho wa kiume wa binti huyo anayeishi mjini, ambaye hata hajalitaka. Hadithi hiyo inaeleweka kwa kila nyumba ya Kichagga. Mila za kurithisha boma kwa kitinda mimba wa kiume zingali hai, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Msanii hakuandika hotuba ya haki za wanawake. Aliandika kikao cha ukoo, mtungi wa mbege, pombe ya ndizi, katikati, ambapo kila mzee anazungumza kwa upole na kila neno la upole linamwondoa binti nyumbani hatua moja zaidi. Nimesoma miswada mingi ya wasanii wa kanda hii, na sijakutana na sini ya kikao iliyoandikwa kwa uvumilivu wa namna hiyo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa nani aigize binti. Wenzake walimshauri aongoze tu, wakimtajia ile methali ya mshika mawili. Alikataa kwa sababu mbili. Kwanza, bajeti ya takriban shilingi milioni 11 isingeweza kumlipa mwigizaji mkuu kwa wiki tatu. Pili, sehemu ya mazungumzo ilikuwa katika Kichagga cha upande ule, na hakumpata mwigizaji mwingine wa rika lake aliyekizungumza bila kujikwaa. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi, na nitaeleza baadaye kwa nini lawama zilizomwangukia hapo zilimwangukia pasipo haki.

Uamuzi wa pili ulikuwa mahali. Muswada wa awali ulikuwa na sini ndefu ndani ya msitu wa Kilimanjaro. Eneo hilo ni hifadhi ya taifa, na kurekodi filamu humo kunahitaji kibali na malipo ya hifadhi, ambayo yangekula fedha za chakula na usafiri. Msanii aliandika upya sini hiyo ikawa ukingoni mwa mfereji wa asili unaopita nyuma ya nyumba, mahali ambapo wanawake huchota maji na kupashana habari. Sini ikawa bora kuliko ya msituni, kwa kuwa sasa binti anasikia kwa majirani uamuzi ambao ukoo haujamwambia.

Kwa upande wa serikali alifuata taratibu: muswada ulipelekwa Bodi ya Filamu na kibali cha kurekodi kikapatikana, barua ya mtendaji wa kata ikaandikwa, na wazee wa ukoo wenye shamba walilipwa na kuelezwa kinachokuja. Hapo hakuna la kulaumu.

Fedha zilitoka sehemu tatu: akiba ya biashara yake ndogo ya nguo, michango ya ndugu, na mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, uliokuwa karibu theluthi ya bajeti. Mkopo huo ulianza kudaiwa mwezi uliofuata. Filamu hailipi mwezi unaofuata. Hata ikiuzwa vizuri, fedha ya kwanza huja baada ya uhariri, ukaguzi na mazungumzo ya muda mrefu. Tofauti hiyo ya kalenda ndiyo iliyomfanya baadaye awe na haraka mahali ambapo haraka ilimgharimu.

Mpiga picha alikuwa kijana hodari wa harusi na sendoff, mwenye kamera mbili, taa na diski zake. Gharama yake ya kawaida ilikuwa juu ya uwezo wa Msanii, hivyo wakakubaliana kwa mdomo kwamba apewe fedha kidogo ya kujikimu na kwamba filamu ikiuzwa "tutagawana." Hakuna aliyeuliza watagawana nini, kwa kiwango gani, na kabla au baada ya mkopo kulipwa. Waigizaji nao walikubaliana naye kwa simu na kwa M-Pesa. Aliyeigiza baba mdogo, mzee mwenye sauti nzito na uzoefu wa maigizo ya redio, alipokea malipo yake na kusema kwamba kati ya watu wanaofahamiana makaratasi ni dalili ya kutoaminiana.

Siku za kurekodi

Ratiba ilipangwa mwezi Februari, kabla ya mvua za masika. Aliyewahi kurekodi mlimani anajua kwamba kilele cha Kibo huonekana alfajiri na jioni, na kwamba kati ya hapo mawingu hukifunika. Kwa hiyo shoti zote zenye mlima zilirekodiwa kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na sini za ndani ziliachiwa mchana. Shangazi yake Msanii alipika kiburu na maharage kwa watu wote kila siku, na chakula hicho kiliokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote alilopata kwa wenye vifaa. Waigizaji walishiba na hawakushuka mjini, na siku zikaanza kwa wakati.

Tatizo lilikuja taratibu, na halikuonekana siku hizo. Msanii alipokuwa mbele ya kamera hapakuwa na mtu nyuma yake mwenye mamlaka ya kusema "turudie." Mpiga picha aliangalia fremu na mwanga, naye msaidizi, binti mdogo wa kikundi cha maigizo, aliogopa kumsahihisha dada yake. Katika sini ya kilele, binti anakwenda kwa baba mdogo akiwa ameshika jani la isale, ambalo kwa Wachagga ni ishara ya kuomba radhi na amani, na ambalo mtu akiletewa ni vigumu sana kulikataa. Anaomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda ili apewe nafasi ya kusema. Katika shoti pana jani liko mkono wa kulia. Katika shoti ya karibu, iliyorekodiwa baada ya mapumziko ya chakula, liko mkono wa kushoto, na ncha yake imevunjika. Msanii mwenyewe asingeweza kuliona hilo, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwa mzee na akili yake ilikuwa katika machozi yaliyotakiwa kuja.

Mfereji ulioipa hadithi uzuri wake uliharibu sauti. Sauti ilinaswa kwa maiki iliyokuwa juu ya kamera. Kamera iliposogea kumkaribia mtu, maji yalisikika kwa nguvu. Ilipogeuzwa upande wa nyumba, maji yalipotea. Siku ya tatu ya kikao cha ukoo, wenye zamu ya maji walifungua mfereji wa juu, na kuanzia hapo nusu ya mazungumzo ya baba mdogo ina mngurumo ambao nusu ya kwanza haina. Masikio ya waliokuwepo hayakuutambua, kwa kuwa watu wa mlimani wamezoea mfereji kama watu wa mjini walivyozoea bodaboda.

Chumba cha uhariri na kukwama

Uhariri ulifanyika Arusha, kwa mhariri aliyelipwa nusu kabla na nusu baada. Mpiga picha alitoa nakala ya picha zote lakini akabaki na diski zenye picha halisi, kwa hoja kwamba ni mali yake mpaka atakapolipwa. Ndani ya miezi michache filamu ilikuwa na umbo, na kipande cha dakika kumi kilimvutia mnunuzi wa vipindi wa kituo cha televisheni. Wakakubaliana bei kwa mazungumzo. Msanii, ambaye marejesho ya VICOBA yalikuwa yakimkaba, aliwaahidi wadhamini wake tarehe ya kulipa.

Kisha kituo kikaleta orodha ya mahitaji: cheti cha daraja, yaani cha umri wa watazamaji wanaoruhusiwa, kutoka Bodi ya Filamu, uthibitisho wa usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkataba wa kila mwigizaji mwenye nafasi ya kuzungumza, mkataba wa mpiga picha, ruhusa ya maandishi ya kila wimbo uliomo, na sauti iliyosafishwa kwa kiwango cha kurushwa hewani.

Cheti cha daraja kilipatikana kwa kufuata utaratibu. Mengine yote yalikwamia pamoja, na hapa ndipo fundisho kubwa la kisa hiki lilipo, kwa sababu tatizo la kiufundi na tatizo la kisheria viligeuka kuwa kitu kimoja. Mhariri alisema sauti ya kikao cha ukoo haiwezi kusafishwa. Inabidi waigizaji waingie studio wairudie. Mzee aliyeigiza baba mdogo alikuwa sasa amesikia kwamba filamu imenunuliwa na televisheni. Alidai malipo mapya yaliyozidi yale ya awali, na alikataa kutia saini mkataba wowote mpaka ayapate. Kwa kuwa hapakuwa na karatasi iliyosema kwamba malipo ya kwanza yalijumuisha kurudia sauti, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amekosea. Mpiga picha, aliyesikia habari hizohizo, alisema kugawana maana yake ni nusu kwa nusu. Wimbo wa mwisho ulikuwa umeimbwa na kwaya ya parokia kwa idhini ya mwalimu wake, kumbe mtunzi wa wimbo ni mtu mwingine aliyehamia mkoa mwingine.

Kituo kilisubiri, kisha kikanunua filamu nyingine kwa nafasi ile. Marejesho ya mkopo Msanii aliyalipa kwa kuuza mzigo wa nguo chini ya bei.

Jinsi ilivyosuluhishwa

Wanasheria wawili walioulizwa walimwambia kwamba anaweza kwenda mahakamani na kwamba itachukua muda. Akachagua kwenda kwa afisa utamaduni, ambaye aliwaita wote watatu katika kikao kimoja. Nilikuwepo kama msomaji wa makaratasi. Afisa alianza kwa kumwomba kila mmoja aandike kwenye karatasi yake anachoamini kwamba aliahidiwa, bila kuonyeshana, na karatasi ziliposomwa kwa sauti kila mtu aliona kwamba hapakuwa na mwongo chumbani. Kila mmoja alikuwa amesikia ahadi yake. "Mali bila daftari," alisema, na mzee akaimalizia methali mwenyewe.

Makubaliano yaliyoandikwa yalikuwa haya. Mpiga picha alipata asilimia 20 ya mapato yatakayobaki baada ya gharama zilizoorodheshwa kurudishwa, pamoja na jina lake katika filamu kwa nafasi iliyotajwa, naye akakabidhi diski na kutia saini kwamba haki za picha ni za Msanii. Mzee alilipwa kiasi cha kati kwa kurudia sauti kwa siku mbili studio. Mtunzi wa wimbo alipatikana kwa simu na kutoa ruhusa ya maandishi kwa malipo madogo. Sini mbili za kikao ambazo hazikuokoleka zilikatwa. Shoti ya karibu ya isale iliondolewa, na sini nzima ikabaki katika shoti pana, ambamo uso wa binti hauonekani vizuri lakini jani linaonekana mwanzo hadi mwisho. Ndipo filamu ikasajiliwa COSOTA.

Badala ya kurudi mara moja kwa televisheni, Msanii alifanya jambo ambalo naliona kuwa la busara kuliko mengine yote katika kisa hiki. Alisubiri Desemba. Wiki ya mwisho ya mwaka Wachagga hupanda nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na kwingineko, na hadithi ya kihamba huwa katika kila mazungumzo, kwa kuwa ndio wakati ukoo unapokutana. Alikodi projekta na jenereta, akaomba kumbi za parokia na za shule, akaonyesha filamu jioni baada ya jioni katika kata tofauti kwa kiingilio cha shilingi 3,000, watoto bure. Mapato ya siku hizo yalizidi bei ambayo kituo kilikuwa kimetaja. Baada ya maonyesho watu hawakuondoka, walibishana. Katika ukumbi mmoja mzee alisimama na kusema kwamba kikao kile kilikuwa cha ukoo wake, na Msanii ilibidi amhakikishie mbele ya watu kwamba hakuwahi kuufahamu.

Mwaka uliofuata aliingia mkataba na kituo kingine kuirusha filamu kwa miaka miwili tu, kwa televisheni tu, haki nyingine zote zikibaki kwake.

Uchambuzi

Wengi waliosikia kisa hiki walihitimisha kwamba kosa lilikuwa kuandika, kuongoza na kuigiza kwa wakati mmoja. Sikubaliani nao. Uandishi wake ulimwezesha kuihamisha sini ya msituni kwa usiku mmoja bila kumwomba mtu ruhusa. Uigizaji wake uliokoa sehemu kubwa ya bajeti na kuipa filamu lugha yake. Kilichokosekana ni kazi ya nne, ambayo kwa kawaida hufanywa na mtayarishaji: mtu asiyejali machozi ya sini, anayejali kama karatasi imetiwa saini kabla kamera haijawashwa. Katika uzalishaji mdogo kazi hiyo huachwa kwa kudhaniwa kwamba anayemiliki wazo anamiliki filamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi hivyo. Ulinzi wa kazi huanza kazi inapoundwa, bila kusubiri usajili, lakini filamu ina kazi nyingi ndani yake: muswada, picha, wimbo, uigizaji. Neno hakishiriki katika jina la sheria hiyo lipo kwa sababu waigizaji na waimbaji nao wana haki zao. Kila haki iliyomo isipokusanywa kwa maandishi mapema, itakusanywa baadaye kwa bei ya siku hiyo, na bei ya siku hiyo hupangwa na yule anayejua kwamba unamhitaji.

Kuhusu mzee, naomba nisieleweke vibaya. Alikuwa na hoja. Alikubali kazi ya siku sita za kurekodi na akaombwa siku mbili zaidi baada ya mwaka, kwa filamu ambayo sasa ilikuwa na mnunuzi. Mkataba ungemlinda yeye pia, kwa kuwa ungetaja malipo ya kurudia sauti. Desturi ya kuona karatasi kama tusi kati ya jamaa huwaumiza waigizaji wadogo kuliko inavyowaumiza waongozaji, na inafaa wakongwe wenyewe ndio wawe wa kwanza kuiacha.

Kuhusu sauti, gharama ya kinasa sauti cha kukodi na kijana mmoja wa kukishika kwa wiki tatu ingekuwa ndogo kuliko malipo ya studio peke yake. Ni kasoro ya kawaida katika filamu zetu, na chanzo chake ni kwamba wapiga picha wengi wametoka katika harusi, ambako muziki wa ukumbini hufunika kila kitu. Msanii alipotembelea eneo la kurekodi aliangalia mwanga na mlima, na alipaswa pia kusimama kimya kwa dakika chache asikilize, na kuwauliza wenyeji zamu za maji.

Pengo la mwongozaji aliye mbele ya kamera linazibika kwa njia rahisi. Katika filamu ya tatu, ambayo inarekodiwa sasa, Msanii bado anaigiza nafasi kuu. Yule msaidizi amepewa mamlaka, kwa maandishi, ya kusimamisha shoti yoyote ambayo Msanii yumo, na ana daftari la mwendelezo ambamo kila shoti ina picha ya simu: mikono, nguo, kilichoshikwa. Mikataba ya waigizaji ni ya ukurasa mmoja na nusu kwa Kiswahili chepesi, na husomwa kwa sauti kabla ya kutiwa saini. Mkopo haujachukuliwa, filamu inarekodiwa kwa vipande, fedha inapopatikana, jambo linaloleta shida zake, hasa nywele za waigizaji na rangi ya migomba.

Lililobaki: filamu ya kwanza

Suala la filamu ya kwanza halijaisha. Hoja ya upande wa Msanii ni kwamba mkataba ulitiwa saini wakati pande zote mbili zikifikiria DVD, na kwamba hakuna aliyetaja wala kulipia mtandao. Hoja ya msambazaji inaweza kujengwa juu ya maneno "kwa njia yoyote," ambayo ni mapana, na mahakama huanza na maneno yaliyoandikwa. Ushauri aliopewa, ambao naukubali, ni kuacha kudai kurudishiwa filamu nzima na kuomba mambo mawili: sehemu ya mapato ya mtandaoni kuanzia sasa, na ruhusa ya kudumu ya kutumia vipande katika maombi na maonyesho yake. Wakati huohuo muswada wa filamu hiyo umesomwa upya, kwa sababu mkataba unataja filamu na hautaji muswada wala wahusika wake. Iwapo tafsiri hiyo itakubaliwa na upande wa pili, Msanii atakuwa huru kuandika mwendelezo. Barua imetumwa kupitia kwa mwanasheria, na jibu halijaletwa.